Madumu Yaliyorudi Yamejaa

Nimestaafu Jumamosi iliyopita nikiwa na miaka kumi na saba, sare ya shule bado inanibana mabegani. Sikuagwa kwa keki wala hotuba. Mama alisema tu, "Sifa, mtihani wa kidato cha nne haufanywi na dumu," na hapo utumishi wangu ukakoma. Naandika haya kwa ajili yenu, Gloria na Ombeni, mnaochukua nafasi yangu likizo ijayo. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa nilianza mbeba dumu nikamaliza mbeba dumu. Posho nayo tuiache ipumzike. Nitawaambia yale ambayo hayamo kwenye karatasi ya maelekezo mliyopewa, hasa lile nililolifanya mimi, maana najua mtalisikia tu kwa watu, na watu hutia chumvi.

Kwanza mjue tunafanya nini, kwa sababu mimi nilifanya kazi hii wiki mbili nzima nikidhani tunatafuta malaria. Dada Ndeshi, bosi wenu, ni mtoto wa Machame na anasomea udaktari. Si ule wa sindano, ni ule wa kuandika kitabu kinene ambacho watakisoma watu watano, na mmoja wao ni mama yake. Anachotaka kujua ni hiki. Maji yetu ya huku chini ya Meru yana floridi nyingi inayotoka kwenye mawe ya mlima. Meno yanakuwa ya kahawia, na mimi ni ushahidi unaotembea: nikicheka ni kama mtu amefungua kabati la vikombe vya chai. Kwa wengine floridi inaingia mpaka kwenye mifupa na miguu inapinda. Lakini unakuta ndugu wawili wa tumbo moja, kisima kimoja, chungu kimoja, mmoja miguu imenyooka na mwenzake hawezi kupanda ngazi ya kanisa. Kwa nini?

Nilipomuuliza, dada Ndeshi alinijibu kwa kitabu cha nyimbo. "Kanisani kwenu kila mtu ana kitabu kilekile, sivyo?"

"Ndiyo, dada. Isipokuwa mzee mmoja anayeimba bila kitabu, na inasikika."

"Basi jeni ndiyo hicho kitabu. Ndugu wawili wana vitabu vinavyofanana sana. Ila wimbo hauimbwi kwa kuwa umo kitabuni, unaimbwa mtu akitangaza namba. Nadhani kuna watu ambao floridi ikiingia mwilini, namba zinatangazwa vibaya. Mfupa unaambiwa jijenge wakati ulitakiwa kunyamaza. Mimi namtafuta huyo anayetangaza namba."

Nikamuuliza atamjuaje. Akasema kwa damu na mkojo. Nikajuta kuuliza.

Siku yangu ya kwanza maabara, kule Themi mjini, nilikabidhiwa kwa Baba Joshua. Huyu ni mteknolojia wa maabara, mtu mzima, mkimya, mwenye koti jeupe kuliko dhamiri yangu. Nikaingia, nikasimama karibu na meza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usiguse."

"Sijagusa kitu."

"Unafikiria kugusa. Naona."

Alinifundisha mambo matatu ambayo nawaachia kama urithi. La kwanza, andikeni kwenye chupa kwa penseli, juu ya karatasi yake. Kalamu ya wino mkali inaonekana ya kisomi, lakini spiriti ikimwagika kidogo jina lote linaondoka na wewe unabaki na damu ya mtu asiyejulikana. La pili, glavu si mapambo. Ndani ya damu kuna ujumbe mdogomdogo unaoitwa RNA, ndizo zile namba za nyimbo zilizokwisha kutangazwa, na huoza upesi kuliko maziwa juani. Kwenye jasho la kidole chako kuna kitu kinachoula. Ukijikuna pua halafu ukashika kifuniko, umekula utafiti wa mtu. La tatu, barafu ihesabiwe kabla ya kuondoka, si mkiwa njiani. Hili la tatu alilirudia kila asubuhi kwa miezi, na sikuwahi kumuuliza nani alisahau barafu. Alivyokuwa akilisema, nilihisi ni yeye.

Sasa Kikwe, kijijini kwetu. Kazi kule ilikuwa ya nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ndugu wawili, mmoja amenyooka, mmoja amepinda. Unachukua damu kidogo kwenye mkono, halafu unawaachia kila mmoja dumu la lita tatu. Kuanzia asubuhi ile mpaka asubuhi ya kesho yake, kila anapokwenda haja ndogo, aiweke humo. Yote, isipungue, isizidi. Kikombe kimoja hakitoshi, maana floridi hupanda na kushuka kutwa nzima kufuatana na ulichokula na kunywa. Mkojo wa siku nzima ndio unaosema ukweli wa mwili.

Siku ya kwanza tulifukuzwa nyumba tatu. Damu walitoa bila neno. Dumu ndilo lililoleta maneno. Mzee mmoja aliligeuza geuza akamwangalia dada Ndeshi.

"Mwanangu, damu chukua, nimeshazoea, hospitali huwa wanachukua. Lakini mkojo wangu wa siku nzima, unaupeleka mjini kufanya nini?"

"Kupima, baba."

"Kupima lita tatu? Kwani mnaendeshea trekta?"

Dada Ndeshi alirudi kwenye gari akiwa na macho mekundu. Alikuwa na muda maalumu wa kumaliza kukusanya, na jopo la maprofesa lilikuwa linamsubiri. Nami nikaona hapa ndipo kipaji changu kinapohitajika. Kipaji changu, walimu wangu wote watawaambia, ni mdomo.

Mnajua ilivyo kwetu: mgeni haondoki bila kula. Kwa hiyo kila nyumba dada Ndeshi aliingizwa sebuleni, akawekewa ndizi, makande, chai, na hakuruhusiwa kuinuka. Mimi kama mtoto wa nyumbani nilibaki uani na madumu, nikitoa maelekezo kwa Kimeru. Kimeru dada Ndeshi hajui, na Kimachame chake hakikumsaidia kuelewa tunachocheka. Nyumba ya nne tulikuta ndugu wawili, Bibi Elishilia na mdogo wake, Bibi Nderera. Wanakaa ua mmoja. Elishilia amenyooka kama mti wa simu, Nderera miguu imepinda na anatembelea mkongojo. Niliwakabidhi madumu, wakaangaliana. Nikaona wanataka kukataa. Ndipo nikasema:

"Bibi zangu, hili dumu ni la wageni wa mjini. Mkilirudisha nusu, watakwenda kusema Wameru ni wachoyo."

Walicheka mpaka wakashikana. Bibi Elishilia akanipiga begani, "Mtoto huyu ana laana!" Wakachukua madumu.

Mnaona kosa? Mimi sikuliona. Na nililelewa palepale. Nyumbani kwetu jirani akikuletea sufuria, hairudi tupu. Utatia ndizi, utatia mayai, ukikosa kabisa utatia chumvi. Mama amewahi kunirudisha njiani na bakuli la mwenyewe kwa sababu nilikuwa nalipeleka kavu. Nilijua hili kama ninavyojua jina langu, na bado nikasimama mbele ya watu wazima nikawaambia chombo cha mgeni kisirudi nusu. Kwangu ulikuwa utani. Kwao ulikuwa utani wenye kweli ndani yake, na hiyo ndiyo aina ambayo watu huitii.

Utani ulifungua milango, basi nikaurudia nyumba hata nyumba. Hakuna aliyekataa tena. Dada Ndeshi aliniita mkono wake wa kulia. Nami nikavimba kichwa.

Baada ya miezi kadhaa majibu ya floridi yakaanza kupangika, na siku hiyo dada Ndeshi aliingia maabara akiwa karibu kuruka. Ndugu walionyooka miguu walikuwa wanatoa floridi kwenye mkojo karibu mara mbili ya ndugu zao waliopinda. Nyumba kwa nyumba, vilevile. "Figo zao zinaitoa!" alisema. "Kuna jeni imewashwa kwao, kwa wenzao imezimwa. Sifa, huenda tumempata!" Akampigia profesa wake palepale, mbele yetu. Baba Joshua hakuinua kichwa. Alikuwa anaangalia karatasi nyingine.

Wiki iliyofuata nilifika kwa Bibi Elishilia mapema kuliko tulivyoahidi. Awamu ya pili ilikuwa imefika, kila nyumba inapimwa tena. Niliingia kwa njia ya migombani, nikamwona anatoka kwa jirani, kwa mama Oliva, amelibeba dumu ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Akanikuta namwangalia.

"Umewahi," akasema, wala hakustuka. "Lilikuwa limebaki kidogo tu. Mama Oliva amenisaidia."

"Amekusaidiaje, bibi?"

"Amenijazia."

Nikasimama pale nikipiga hesabu ya nyumba, moja baada ya nyingine, na kila nyumba nikaona uso wangu uani, mdomo wazi, nikichekesha.

Ningesema siku hiyohiyo, nisingekuwa na la kuandika hapa. Sikusema. Nilipokea dumu, nikaandika kwa penseli, nikalitia kwenye boksi, nikauchuna. Usiku nilikuwa nalala vizuri tu, msidhani, ni mchana ndio ulikuwa mbaya. Kila nikimwona dada Ndeshi anapanga michoro yake ya rangi, nakwenda kuhesabu barafu upya. Nilijiambia labda ni Bibi Elishilia peke yake. Kisha nikauliza nyumba nyingine kwa ujanja, "Eti dumu lilijaa lenyewe?" Yule mama akanijibu kwa fahari kwamba wakwe zake wote walishiriki.

Wakati huo Baba Joshua alikuwa ameanza kuingia matatani. Ile karatasi aliyokuwa anaiangalia ilikuwa ya kreatinini. Hii ni takataka ya misuli, na kila mtu kwa siku hutoa kiasi chake ambacho hakibadiliki sana. Mtu mwenye misuli mingi hutoa nyingi, mwenye michache hutoa kidogo. "Bibi huyu," alisema akigonga karatasi, "ana kilo hamsini. Hapa inaonyesha ana misuli ya wapagazi watatu." Profesa alipoambiwa, akasema mashine ndiyo mbovu au anayeipima hajui. Baba Joshua akarudia. Akabadilisha dawa. Akaosha vyombo upya, mpaka vile vilivyokuwa safi. Majibu yakatoka yaleyale. Mwishowe ukaja ujumbe kwamba vipimo vyote vitakabidhiwa kwa mteknolojia mwingine.

Nilimkuta mchana anafunga vitabu vyake vya kumbukumbu kwa kamba. Dada Ndeshi amesimama dirishani. Nikaona nikisubiri tena nitakuwa mtu wa aina ambayo sitaki kukaa nayo.

"Dada," nikasema. "Mashine haina kosa."

"Umejuaje?"

Nikamwambia. Nilisema yote, na kwa mara ya kwanza ule utani ulitoka mdomoni mwangu kwa Kiswahili. Mle ndani hakuna aliyecheka. Dada Ndeshi akavua miwani, akakaa kwenye stuli.

"Nyumba ngapi?"

"Zile nilizoongea mimi."

"Sifa, nyumba zote umeongea wewe."

"Ndiyo, dada."

"Umejua tangu lini?"

"Wiki tatu."

Baba Joshua aliacha kufunga kamba. "Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu naosha chupa moja." Akatoka nje. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilipomwamkia alinijibu marahaba kwa sababu ni lazima, basi.

Lakini jambo moja lilikuwa halijaeleweka. Kama kila mtu alijaziwa, mbona waliopinda walikuwa na kidogo? Dada Ndeshi ndiye aliyeligundua, akiwa bado amekaa pale, akalisema taratibu kama anajisomea barua ya msiba. "Nimemwambia profesa wangu figo zao zinatoa floridi mara mbili. Kumbe si figo, ni miguu. Imewafikisha kwa jirani."

Waliopinda hawakuweza kuzunguka na dumu. Walirudisha cha kwao tu, nusu, kwa aibu.

Damu ilikuwa salama, na hilo ndilo lililotuokoa tusizame kabisa, kwa kuwa barafu ilihesabiwa kila siku. Mkojo wote ulimwagwa. Profesa akasema kazi irudiwe, na akaongeza kwamba jopo likikataa maelezo yake, dada Ndeshi atarudishwa nyuma mwaka mzima. Nilidhani nitafukuzwa. Dada akaniambia, "Kufukuzwa ni rahisi sana. Utarudi kila nyumba, utawaambia mwenyewe. Na mimi safari hii nitakaa uani."

Tulianza na kwa Bibi Elishilia, maana nilimwogopa zaidi. Nilipiga goti nikasema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mliumwaga?"

"Tuliumwaga, bibi."

"Na wa mama Oliva?"

"Wote."

"Mimi nilimbembeleza mama Oliva! Alikuwa anakwenda shamba, nikamrudisha!" Halafu akauliza kwa sauti ndogo iliyoniumiza kuliko kofi, "Mlikuwa mnanicheka kule mjini?"

"Hapana, bibi. Kule mjini wameniona mimi mjinga."

"Sasa mnataka nini?"

"Dumu tena. Lako peke yako. Hata likiwa na kidogo."

"Siwezi," akasema, akainuka. "Sijawahi kurudisha chombo cha mtu nusu, nitaanza uzeeni? Katafuteni mwingine."

Tumempoteza, nikawaza. Nyumba hii ikikataa, nyingine zitasikia kabla hatujafika. Dada Ndeshi alikuwa amesimama nyuma yangu, haelewi neno hata moja, lakini uso wa mtu anayekataa hauhitaji mkalimani. Nilisikia anapumua.

Ndipo Bibi Nderera, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage, akaniita. "Mtoto, hebu rudia. Mimi nililirudisha nusu. Nilificha uso nilipowapa. Unasema mimi nilifanyaje?"

"Ulifanya sawasawa, bibi. Hapa nyumbani ni wewe tu."

"Mimi tu?"

"Wewe tu."

Maharage yalimwagika. Alicheka mpaka akakohoa, akapiga mkongojo chini. "Elishilia! Umesikia? Tangu utoto huyu ananipita njiani! Kisimani ananipita, kanisani ananipita! Leo kwa mkojo nimempita!"

Bibi Elishilia alisimama mlangoni, midomo imebana, anapigana na kicheko chake. "Lete hilo dumu," akasema. "Huyu hawezi kunishinda mara mbili."

Habari ilitangulia kwenye nyumba nyingine, na sehemu kubwa walikubali. Wachache walikataa na wana haki yao. Majibu yalipotoka, ule mchoro mzuri haukuwepo. Walionyooka na waliopinda wanatoa floridi karibu sawa. Dada Ndeshi aliuangalia muda mrefu, akaukunja ule wa zamani akautia kwenye droo. Anayetangaza namba bado hatujamjua. Kama yupo, yuko kwenye ile damu, na hiyo ndiyo mtakayoishughulikia nyinyi. Vaeni glavu.

Jumamosi yangu ya mwisho aliniita maabara. Alikuwa anamalizia taarifa ya jopo, sehemu ya mapungufu. "Soma," akasema, "kama kuna uongo niambie." Ni Kiingereza kirefu, ila maana yake ilikuwa kwamba sampuli za mwanzo ziliondolewa kutokana na changamoto za mawasiliano.

"Dada, hii ni kama mtandao ulikatika."

"Ndivyo wanavyoandika wote."

"Lakini sivyo ilivyokuwa."

"Najua." Aliisoma tena ile sentensi. "Wakisoma ilivyokuwa, wanaweza kunirudisha mwaka."

Baba Joshua, kule kwenye sinki, alifunga bomba ili asikie. Dada Ndeshi akaifuta ile sentensi herufi kwa herufi, akaandika nyingine, akaisoma kwa sauti: wasaidizi wa utafiti waliwaambia washiriki wajaze dumu, na mtafiti hakuhakikisha kilichosemwa.

"Msaidizi alikuwa mmoja," nikasema.

Akarekebisha. Msaidizi mmoja.

Kisha akatuma. Tukabaki tunaangalia skrini, wote watatu, kana kwamba jopo lingejibu palepale.